Jinsi Nilivyoiharakisha Kompyuta ya Shule

Wale mliokuwapo shuleni mwaka jana mnakumbuka jinsi kompyuta kubwa ya chumba chetu ilivyokuwa ikizimika ovyo mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na jinsi shule nzima ilivyoulaumu umeme wa mji. Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike habari hiyo, kwa sababu yeye ni mmoja wa wachache wanaojua kwamba umeme haukuwa na kosa hata kidogo. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Basi nitaeleza yote tangu mwanzo, na mambo ya ufundi sitayaruka, maana wako vijana wa madarasa ya chini walioanza kuniuliza jinsi ya kuiharakisha prosesa, nami sipendi wajue nusu ya habari kama nilivyojua mimi.

Kompyuta yenyewe ilitoka Ubelgiji. Mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, anayefanya kazi huko, aliituma ndani ya kasha pamoja na vitabu vya hesabu, ikaja kwa meli hata Dar es Salaam, kisha kwa lori hata Bujumbura. Ndani yake mna prosesa ya Intel, aina ya Core i5-2500K, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011. Si mpya, lakini kati ya mashini saba za chumba chetu hiyo ndiyo iliyokuwa mfalme, nayo ilipewa kazi mbili.

Kazi ya kwanza ilikuwa filamu. Kila sikukuu ya shule hupigwa picha za ngoma, za michezo na za misa, halafu picha hizo hubadilishwa ziwe faili ndogo ambazo watu wanaweza kuzichukua katika simu zao. Kazi ya pili ilikuwa daftari la wanafunzi wa zamani. Katika ofisi ya Padri Mkuu mna vitabu vitatu vikubwa vyenye jalada jeusi, ambamo kila mwanafunzi ameandikwa jina lake, jina la baba yake, kilima alikotoka, mwaka alioingia na mwaka alioondoka. Ukurasa wa kwanza bado una neno Usumbura, kwa kuwa ndivyo mji ulivyoitwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Karatasi zimekuwa za manjano, na kitabu cha pili kimeliwa pembe na mchwa. Padri Mkuu akaamua majina yote yanakiliwe katika kompyuta kabla hayajapotea. Yalikuwa majina 1,143. Wanafunzi wanne wa darasa la mwisho tulipewa kazi hiyo, na mimi nikawekwa kuwa mkubwa wao, kwa sababu nilisifiwa kuwa najua kompyuta.

Sasa nieleze kwa nini nilitaka kuiharakisha. Umeme wa mji ukikatika, jenereta ya shule huwashwa saa kumi na mbili na nusu jioni na huzimwa saa tatu usiku, kwa maana mafuta ni ghali na hayapatikani kila siku. Hizo ni dakika 150. Filamu ya sikukuu ilihitaji dakika 160 kubadilishwa. Mara mbili nilikaa pale nikitazama mstari wa kijani ukisogea, na mara mbili jenereta ikazimwa zikiwa zimebaki dakika kumi, kazi yote ikapotea. Mlinzi wa jenereta nilimsihi sana, lakini yeye ana amri yake.

Basi nikakumbuka habari niliyokuwa nimeisoma, ya prosesa moja ya mwaka 1998 iliyoitwa Celeron 300A. Hiyo iliuzwa kwa mwendo wa megahezi 300, na watu wakagundua kwamba ukiibadilisha saa ya bodi kutoka 66 hadi 100, prosesa ile ile ya bei ndogo inakwenda 450, na nyingi zilistahimili bila shida. Jambo hili mafundi huliita ovakloki. Si uchawi. Kiwanda hupima prosesa zake na kuziandikia mwendo ambao kina hakika zitaustahimili hata katika nchi ya joto, hata katika mashini mbovu, kwa miaka mingi. Kwa hiyo nyingi hubakiwa na akiba, na akiba hiyo ndiyo watu wanayoitafuta.

Kwa asiyejua, nitatumia mfano wa ngoma zetu. Wapigaji wanaposimama katika nusu duara, yule wa katikati ndiye anayetoa mapigo, na wachezaji wote huweka mguu chini kwa pigo lake. Akipiga upesi zaidi, wachezaji huruka upesi zaidi. Lakini mguu una muda wake wa kupanda na kushuka. Pigo likija kabla mguu haujagusa ardhi, mchezaji hukosea hatua, na kama ni ishara ya kugeuka, atageuka upande usio wake. Ndani ya kompyuta saa ya msingi hupiga mara milioni 100 kwa sekunde, na prosesa huyazidisha mapigo hayo kwa namba fulani. Yetu ilizidisha kwa 33, na hiyo ndiyo gigahezi 3.3. Katika prosesa nyingi namba hiyo imefungwa na kiwanda. Herufi K mwishoni mwa jina la prosesa yetu maana yake ni kwamba haikufungwa. Nilipoligundua jambo hilo sikulala.

Usiku wa Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, wenzangu wakiwa wanatazama mpira, niliingia peke yangu katika ukurasa wa mipango ya bodi, ule unaofunguka kabla Windows haijaanza, nikabadilisha mambo manne kwa mara moja. Namba ya kuzidishia nikaitoa 33 nikaiweka 44. Saa ya msingi nikaitoa 100 nikaiweka 102, kwa tamaa tu. Volti za prosesa nikazitoa 1.20 nikaziweka 1.30, maana nilisoma kwamba mwendo ukizidi, prosesa huhitaji nguvu zaidi, kama mchezaji anavyohitaji uji kabla ya ngoma. Na kumbukumbu, zile vipande viwili ambavyo viliandikwa 1333, nikaviamrisha vikimbie 1600. Nikabonyeza, nikafumba macho. Nilipofumbua, Windows ilikuwa imefunguka.

Jumatatu jioni nilibadilisha filamu kwa dakika 117. Nilipita mabwenini nikitangaza. Wenzangu wakaniita Injinia, na jina hilo likanikaa vizuri kuliko shati langu la sikukuu. Sikumwambia mtu yeyote mkubwa nilichofanya.

Siku ya nne balaa likaanza. Mwenzangu mmoja alikuwa akiandika majina, mara kioo chote kikageuka buluu chenye maandishi meupe, na chini kabisa tarakimu 0x00000124, kisha mashini ikajiwasha upya. Kesho yake iliganda: kishale hakisogei, na sauti ya wimbo ikabaki inanguruma kama nyuki ndani ya mtungi. Keshokutwa, saa tisa alasiri, ikazimika pap, bila buluu wala neno, kama mtu aliyezimiwa taa. Hata mwisho wa juma la pili nilikuwa nimehesabu mara kumi na nne.

Nami nilisema nini? Nilisema ni umeme. Ilikuwa rahisi mno. Katika majuma hayo umeme wa mji ulikuwa ukipanda na kushuka hata taa za bweni zikawa nyekundu, kila mtu aliona, hakuna aliyenibishia. Padri Mkuu akasikiliza maelezo yangu kwa makini, maana aliniamini, kisha akatoa fedha katika mfuko wa maktaba akanunua stabilaiza kubwa ya kuutuliza umeme. Fedha zile zilikuwa za kununulia kamusi. Siku stabilaiza ilipofungwa, kompyuta ilizimika mara mbili kabla ya chakula cha jioni.

Hapo nikaogopa. Nikasema moyoni labda kweli kuna kitu kimekufa, labda pawa saplai. Alhamisi mchana nikaomba ruhusa, nikashuka Buyenzi kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza redio, televisheni na kompyuta katika kibanda kilicho karibu na mafundi wa magari. Buyenzi mnaijua: Kiswahili ndicho lugha ya mtaa, na hakuna kitu kilichoharibika ambacho hakina mtu wake. Nikamwamkia, nikamweleza dalili zote, nikamaliza kwa kusema umeme wetu ni mbaya sana.

Fundi hakuinua kichwa, alikuwa akichomelea waya. Akaniuliza, "Chumbani mna kompyuta ngapi, kijana wangu?"

Nikasema, "Saba, mzee."

"Zote zinakula umeme wa waya mmoja?"

"Ndiyo, mzee."

"Na zile sita zinazimika?"

Sikujibu. Kwa kweli katika majuma mawili sikuwa nimejiuliza swali hilo, au labda nilijizuia kujiuliza. Zile sita, tena za zamani kuliko hiyo, hazikuzimika hata mara moja ila umeme ulipokatika mtaa mzima. Fundi akaweka chini chuma chake cha kuchomelea, akanitazama, akasema, "Haya. Umegusa nini?"

Nikamwambia mambo manne. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwamba mtu akimletea injini ya pikipiki iliyobadilishwa kabureta, plagi, mafuta na mnyororo siku moja, yeye hamulizi inaumwa wapi, humrudishia mnyororo wake wa zamani kwanza. Kisha akaniuza kifuko kidogo cha ule ute mweupe wa kupitishia joto, unaofanana na dawa ya meno, akakataa kupokea kitu kingine.

Jioni ile nilichomoa waya wa umeme, nikafungua sanduku, nikatoa ile betri ndogo ya duara iliyo katika bodi, nikangoja robo saa, nikairudisha. Kwa njia hiyo bodi husahau mipango yote na kurudi ilivyotoka kiwandani. Namba 33, saa 100, kumbukumbu 1333. Kompyuta ikafanya kazi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, asubuhi na alasiri, bila kuzimika hata mara moja, ingawa Jumamosi umeme ulichezacheza vibaya kuliko siku zote.

Basi Jumatatu baada ya misa nikaenda kwa Padri Mkuu. Sitaandika yote niliyosema. Alinyamaza muda mrefu, akauliza stabilaiza iligharimu kiasi gani, ingawa alijua vizuri kuliko mimi. Nikataja. Akasema mambo matatu: kwamba daftari la wanafunzi wa zamani lihamishwe siku ile ile katika mashini nyingine, kwamba nitakuwa nikifagia maktaba mpaka Krismasi, na kwamba nitafute ni lipi kati ya yale manne lililokuwa likiizima kompyuta, nijaribu moja moja, niandike katika daftari, nimletee. Hilo la tatu lilinishangaza. Nilidhani ataniambia nisiiguse tena maisha yangu yote.

Nikaanza na kumbukumbu. Iko programu ya bure iitwayo Memtest86+, ambayo huanza yenyewe kutoka katika flashi bila Windows, huandika tarakimu katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha huzisoma tena kuona kama zimebaki vile vile. Kosa moja tu ni kosa, hakuna makosa madogo katika kazi hiyo. Nikaipima kwanza katika 1333, kwa muda wote wa umeme wa Jumanne: sifuri. Jumatano nikaviweka vipande katika 1600, vingine vyote vikiwa vya kiwandani. Dakika ya tisa mstari mwekundu ukatokea. Baada ya saa moja ilikuwa mistari 17.

Nikaitazama mistari hiyo, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kuona ubaridi tumboni. Programu huonyesha tarakimu iliyoandikwa na tarakimu iliyosomwa. Katika kila mstari tofauti ilikuwa mahali pale pale pamoja: katika kila kundi la tarakimu nane za sifuri na moja, ile ya tatu kutoka kulia iliandikwa sifuri ikasomwa moja. Hakukuwa na buluu, wala kuganda, wala kuzimika. Kompyuta ilikuwa imesoma vibaya na kuendelea na kazi yake kwa amani.

Wale wa sayansi mnajua kwamba kila herufi katika kompyuta ni kundi la sifuri na moja. Tarakimu 2 huandikwa 00110010. Ukigeuza ile ya tatu kutoka kulia kuwa moja unapata 00110110, nayo hiyo ni 6. Herufi a ni 01100001. Geuza ile ile, unapata 01100101, ambayo ni e. Nilikuwa nimeketi peke yangu, jenereta inalia nje, nikawaza: kwa majuma matatu tumekuwa tukilifungua daftari la majina katika kumbukumbu hizi, tukiongeza na kulihifadhi tena, kila jioni.

Kwa bahati njema nilikuwa na nakala ya zamani. Juma moja kabla ya usiku ule wa Jumamosi nililinakili daftari katika flashi, lilipokuwa na majina 604, ili nimwonyeshe Padri Mkuu tulikofika. Windows ina amri moja ndogo ya zamani, fc, ambayo hulinganisha faili mbili mstari kwa mstari. Tangu nakala ile hakuna mtu aliyeyagusa majina yale 604 ya kwanza, kwa hiyo mistari hiyo ilipasa kufanana yote. Nikaiendesha amri. Ikaonyesha tofauti mbili.

Ya kwanza, Karoli alikuwa amekuwa Keroli. Ya pili ilikuwa ya kijana aliyeingia mwaka 1969. Katika flashi aliondoka mwaka 1972. Katika kompyuta aliondoka mwaka 1976.

Nikaenda asubuhi kuomba kitabu cheusi nihakikishe, maana mkono wetu pia ungeweza kukosea. Kitabu kilisema 1972. Mwaka huo wasomaji wetu wa zamani wanaujua kuliko mimi. Kwangu ni habari niliyoisikia kwa babu, nusu nusu, taa ikiwa imezimwa. Katika ukurasa ule majina mengi hayana sababu ya kuondoka. Penye majina mengine pameandikwa "kuhama" au "amemaliza"; penye hayo pana mstari tu wa wino, na mwaka. Huyu alikuwa mmoja wao. Kompyuta yangu ya mwendo wa kasi ilikuwa imemwongezea miaka minne ya shule.

Padri Mkuu aliposoma karatasi yangu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Basi mtasoma upya yote mliyoandika tangu usiku ule." Yalikuwa majina 307, kutoka la 605 hata la 911. Hayo hayakuwa na nakala safi ya kuyalinganisha, kitabu tu.

Kabla sijaeleza kazi hiyo, nimalize habari ya prosesa, kwa maana ndiyo mnayoniuliza. Kumbukumbu nikazirudisha 1333 nisiziguse tena. Saa ya msingi nikaiacha 100, maana nilikuja kujua kwamba katika prosesa za ukoo huo saa hiyo hiyo ndiyo inayoongoza pia njia za diski na za vifaa vingine. Ukiisukuma kidogo unasukuma nyumba nzima, na faida yake ni ndogo mno. Ikabaki namba ya kuzidishia na volti. Nikapanda ngazi moja moja: 36, 38, 40, 42. Kila ngazi niliijaribu kwa Prime95. Hiyo ni programu ya watu wanaotafuta namba tasa kubwa, lakini mafundi wanaipenda kwa kupima, kwa sababu hufanya hesabu nzito katika nyuzi zote nne za prosesa na majibu yake yanajulikana mapema. Ikikosea hata kidogo huo uzi husimama na kuandika kosa. Katika 42, kwa volti 1.30, ilikwenda saa moja na nusu salama. Katika 44, dakika ya kumi na moja, uzi wa tatu ulisimama, na muda si mrefu kioo kikawa buluu na 0x00000124 yetu ile ile. Basi huyo ndiye aliyekuwa akituletea buluu: prosesa iliyopigiwa ngoma upesi bila kushiba. Nikampa volti 1.34, akasimama imara.

Imara kwa muda wa asubuhi, nasema. Alasiri chumba chetu, kilicho chini ya bati, kipimajoto kilionyesha 31, na prosesa ikapanda 97, ikaanza kujipunguza mwendo yenyewe. Ndivyo ilivyoundwa: likikaribia 100 hujipunguza, na joto likizidi bado, mashini hujizima ili isiungue. Nikaelewa zile kuzimika za saa tisa. Joto la prosesa hufuata mwendo, na hufuata volti mara mbili, yaani volti zikizidishwa kwa zenyewe. Piga hesabu: 4.4 kwa 3.3 ni mara moja na theluthi, 1.34 kwa 1.20, zikizidishwa kwa zenyewe, ni mara moja na robo hivi. Zidisha hizo mbili, unapata mara 1.66. Kama ilikuwa ikila wati 95, sasa inataka karibu 158, na zote zinageuka joto. Mtu wa Ulaya katika majira ya baridi anaweza kuitoa hesabu hiyo dirishani. Sisi hapa kando ya ziwa, Septemba, tutaitoa wapi?

Nilipofungua feni nikakuta vumbi la kiangazi chote limelala kati ya mabamba ya alumini, limeshikana kama blanketi, na ule ute wa kupitishia joto umekauka ukapasuka. Nikasafisha kwa burashi ya rangi, nikapaka ute wa fundi wa Buyenzi, kiasi cha punje ya maharage. Alasiri iliyofuata, kazi ile ile, joto lilikuwa 84.

Kwa maoni yangu, baada ya yote hayo, kuiweka 40 kwa volti 1.25 kungefaa kabisa, na filamu ingemalizika kabla ya saa tatu. Nilimweleza Padri Mkuu, nikamwonyesha daftari la majaribio, kurasa kumi na sita. Alisoma zote. Akakataa. Alisema filamu ikatwe vipande viwili, kila kipande jioni yake, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Hata leo kompyuta ile inakwenda 3.3, nami bado nadhani 40 ingefaa.

Majina tuliyasoma jioni sita. Mmoja alishika kitabu cheusi akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi yalipokuwa magumu, na mwingine akafuata kwa kidole katika kioo. Mwanzoni tulifanya mzaha kwa majina ya kizamani na vilima tusivyovijua, baadaye mzaha ukaisha wenyewe. Tuliona makosa matano. Moja lilikuwa la mkono wetu bila shaka, kwa kuwa tuliruka mstari mzima. Moja lilikuwa a iliyogeuka e. Matatu yaliyobaki siwezi kusema kama ni ya kidole au ya kompyuta, tumeyasahihisha tu. Kisha tukaendelea na majina 232 yaliyobaki, katika mashini ndogo ya pembeni isiyo na sifa yoyote, na kila jioni tukihifadhi nakala mbili katika flashi mbili, moja kwangu, moja katika kabati la Padri Mkuu.

Daftari sasa limekamilika, na litachapwa na kuwekwa mezani katika ukumbi siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Wazee wetu, mtakapofika, tunawaomba kila mmoja atafute jina lake, na jina la mwenzake aliyeketi naye dawati moja, hasa wale wasioweza kuja kulitafuta wenyewe. Tazameni herufi a na e. Tazameni tarakimu 2 na 6. Kalamu nyekundu itakuwa mezani, na mimi nitakuwa nimesimama karibu.